Kidole cha Kuazima

Mpanda, Jumanne 11 Machi 2025

Bwana Felisiani,

Jumapili tarehe 9 Machi, saa mbili usiku, jina langu liliondolewa kwenye orodha ya kidole. Halikushushwa, liliondolewa. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa mtu wa kwanza na wa pekee kumaliza Chura bila kuruka, kwa dakika 31 na sekunde 8. Usiku, pale palipokuwa na jina langu pameandikwa: "Hakuna aliyewahi." Maneno hayo nayajua. Ni ya kwako, yalikaa pale juu miaka mitatu mpaka nilipoyang'oa mimi.

Salamu sitoi. Mtani pia sikuiti, mpaka nijue kama bado tuko au tumeshaachana bila mimi kupewa taarifa.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nimetolewa kwenye grupu na namba yangu umeifungia. Karatasi haifungiwi. Kondakta wa basi la Usevya nimemwambia akukabidhi mkononi, hapo hapo dukani kwako, asimwachie mtu, na akuangalie ukifungua.

Nitakueleza kila kitu kama mtu asiyejua, maana naona siku hizi unajua kutojua.

Chura ni gemu la kaseti, la zamani kuliko ndoa yangu, na limedumu kuliko ndoa yangu. Kachura kanapanda vyumba vinane kutoka gizani mpaka juani. Mtu wa kawaida anabonyeza kitufe cha kuruka, anafika. Sisi wa Baraza la Chura, watu mia tatu na ushee kuanzia Kigoma mpaka Mombasa, tuliona hiyo rahisi mno tukajipa masharti. Gumu kuliko yote ni bila kuruka. Unamwacha chura agongwe na nyigu. Kila akigongwa anarushwa juu kidogo, na wewe unageuza kipigo kuwa ngazi. Ukiwahi unakufa, ukichelewa unakufa. Chumba cha saba, kile tunachokiita Kisima, ni vipigo kumi na vinne mfululizo, kushoto kulia kushoto kulia, hakuna pa kupumzikia.

Orodha zetu ni mbili. Ya kidole ni ya mtu, televisheni na pedi, basi. Ya zana ni ya mtu na kompyuta: analipunguza gemu kasi, anasogeza picha moja moja, akikosea anarudi nyuma, mwisho anaunganisha anapata mchezo usio na kosa hata moja. Sisemi huo ni wizi. Wewe ndiye bingwa wa zana, na bila zana yako nisingejua kwamba Kisima kina njia. Zana ilionyesha njia, kidole changu kikaipita. Wizi ni kuleta ya zana ukasema ni ya kidole. Ndicho nilichosingiziwa, mimi, mbele ya watu mia tatu.

Nilianza kwa kukaanga mihogo stendi. Leo nina mashine ya kusaga na kukoboa, na hakuna debe lililowahi kutoka hapa likiwa pungufu. Watu wa Mpanda wananiita majina mengi. Mwizi halimo.

Uamuzi wenu una sentensi moja: "Mchezaji amekiri mwenyewe kutumia zana." Nimekiri wapi? Kwa nani? Waamuzi ni watatu na mmoja ni wewe. Siku narekodi ulikuwa umekuja mjini kununua mbolea ya duka, ukakaa nyuma yangu juu ya gunia la pumba, unatafuna hindi langu la kuchoma. Vidole vyangu uliviona kwa macho yako.

Ulipoulizwa, ulisema nini?

Monika Malale


Usevya, 15 Machi 2025

Mtani wangu Monika,

Nyie Wasukuma mkikasirika hata barua inapiga teke kama ndama. Kondakta kanisimamia mlangoni kama askari, wateja wakadhani nimekamatwa. Jibu limechelewa kwa sababu ya mvua. Basi lililala kwenye tope hapo kabla ya Sitalike, abiria wakashuka kusukuma huku viboko wanawatazama. Na namba yako sijaifungia. Simu iliingia maji.

Sasa tulia nikueleze, maana wewe ukipanda hasira hushuki mpaka upewe ngazi.

Mwamuzi hamtetei wa kwao. Ningeinua mkono, wangesema Katavi wanabebana. Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo, mtani.

Shida yako ni mibonyezo. Video imepimwa. Gemu lina picha sitini kwa sekunde, na pale Kisimani wewe umebonyeza, kushoto au kulia, kila baada ya picha ishirini na mbili. Ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili, mpaka juu. Kidole cha binadamu hutetereka. Cha kwako kilitembea kama saa ya kanisani.

Mimi najua kwa nini, na wewe unajua. Ukuta wako wa nyuma una injini. Siku ile ulinionyesha mwenyewe, ukaniambia, "Sikiliza, kila mdundo wa pili, bonyeza." Sasa niambie, ningelisema hilo mbele ya waamuzi, si wangesema injini ndiyo zana yenyewe? Nimekufunika kama kuku anavyofunika kifaranga, na kifaranga kinanidonoa tumboni.

Ushauri wangu ni mdogo. Usimwandikie mtu yeyote. Msimu unafungwa tarehe 29, acha upite. Mwakani rekodi tena injini ikiwa imezimwa, tuone.

Yule jogoo uliyenitoza kwenye mazishi ya baba bado anawika? Nisalimie wote hapo mashineni.

Wako,
Felisiani


Mpanda, 18 Machi 2025
Kwa barua pepe

Dada Lusia, mwenyekiti wa waamuzi, Dar es Salaam,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi habari za kazi.

Mimi ni Monika Malale mliyemfuta tarehe 9. Nimeambiwa ninyamaze mpaka mwakani. Nimeona bora niseme yote, hata yale ambayo nimeshauriwa niyafiche.

Nacheza Chura kwenye chumba kilichopakana na mashine yangu ya kusaga. Injini ni ya zamani, ya gurudumu zito, inapiga polepole: midundo 325 kwa dakika, nimeihesabu mara nyingi. Kule Kisimani nabonyeza kila mdundo wa pili. Hiyo ndiyo siri yangu na sasa si siri tena.

Mnasema mibonyezo yangu yote imeachana kwa picha 22 na kwa hiyo ni kompyuta. Nakuomba ugawanye mwenyewe. Nusu ya 325 ni 162 na nusu. Picha sitini kwa sekunde ni 3,600 kwa dakika; ukizigawa kwa hiyo 162 na nusu, unapata picha 22 na kidogo, si 22 kamili. Hako kakidogo kanajilimbikiza. Kwa hiyo kama aliyecheza ni mimi, ukipanda Kisima chote utakuta mara mbili hivi nimechelewa picha moja, yaani 23. Kama ni kompyuta, zote zitakuwa 22, maana kompyuta haina injini ya kuisubiri. Ukiongeza sauti utaisikia inapiga, na utamsikia mama mmoja analalamika kwamba pumba zake zimepungua. Hazikupungua.

Kama kanuni zenu zinasema injini ni zana, semeni. Nitashindwa kwa ukweli na nitalala. Kuitwa mwizi silali nako.

Na mmeandika kwamba nimekiri. Nionyeshwe.

Monika Malale


Dar es Salaam, 21 Machi 2025

Ndugu Monika,

Nakushukuru kwa barua yako, na kwa kuwa umri wetu siujui, shikamoo nimeirudisha nusu.

Nimeipima video upya, picha kwa picha, mimi mwenyewe. Ni kama ulivyosema. Pigo la saba ni 23 na pigo la kumi na tatu ni 23. Mengine yote ni 22. Vipimo vya mwanzo, vilivyoonyesha 22 mwanzo hadi mwisho, sikuviandaa mimi. Viliandaliwa na mwamuzi wetu wa zana, ndugu Felisiani. Injini nimeisikia. Yule mama pia.

Kuhusu injini, Baraza halina shida. Haigusi kitufe. Tunao wanaocheza huku wakiimba kwaya na hatujawahi kumfuta mtu kwa sababu ya wimbo.

Kilichobaki ni maneno yako. Ulipoweka video kwenye grupu tarehe 2 Machi uliandika chini yake hivi: "Kidole hiki si changu. Nimeazima kwa Wafipa, nakirudisha kesho kabla radi haijanifuata."

Kwetu "kidole" ni jina la orodha. Mtu akiandika kwamba kidole si chake, tunasoma alivyoandika. Hata hivyo nilisita. Mimi nimezaliwa Temeke, ya huko kwenu siyajui yote, nikahisi huenda ni mzaha wa makabila. Tarehe 8 nikamwandikia Felisiani: wewe ni Mfipa na ulikuwepo, huyu mama anatania? Nanakili jibu lake neno kwa neno: "Hakuna utani kati yangu naye. Soma kama ilivyoandikwa."

Ndipo tukafuta.

Kwa kanuni zetu, mchezaji aliyekiri hawezi kujifutia kukiri kwake. Anayeweza ni mwamuzi aliyeshuhudia, kwa maandishi, kabla msimu haujafungwa: Jumamosi tarehe 29 Machi, saa sita mchana. Baada ya hapo orodha hairekebishwi tena, na aliyekiri haingii tena kwenye ya kidole, mwaka huu wala mwakani. Shahidi ni mmoja tu.

Samahani kwamba siwezi zaidi ya hapo.

Lusia


Mpanda, 22 Machi 2025

Felisiani,

"Hakuna utani kati yangu naye." Uliyaandika tarehe 8. Tarehe 15 ukaniandikia "Mtani wangu", ukaniuliza habari za jogoo.

Halafu unanishauri nisubiri mwakani, wakati unajua baada ya tarehe 29 hakuna mwakani. Na zile 23 mbili, ulizipeleka wapi? Zimeliwa na viboko wa Sitalike?

Kondakta atalala Usevya. Kesho yake anageuza. Asirudi mikono mitupu.

Monika


Usevya, 24 Machi 2025

Monika,

Nimezidisha siku moja. Sikujua nianzie wapi.

Wewe umeandika ya kwako, sasa na mimi niandike ya kwangu. Ile njia ya Kisima nilihangaika nayo mwaka na nusu. Sola yangu ni ndogo, laptopu ikizima katikati ya kazi naanza upya. Nilisogeza picha moja moja mpaka nikawa nawaona nyigu ukutani nikila ugali. Nilipoimaliza, watu wa Mombasa walinipigia simu kuniuliza, wakaniita mwalimu. Mimi, muuza mbolea wa Usevya. Na nikawaambia wote: hii ni kazi ya zana, hakuna kidole cha mtu kitakachopanda hapa. Waliamini kwa sababu nilisema mimi.

Halafu unakuja na pedi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, unapanda mbele ya macho yangu, mara ya tatu tu siku hiyo, mimi hindi liko mdomoni. Hiyo ningeimeza. Lakini ukaenda ukaandika mbele ya watu mia tatu kwamba kidole umeazima kwa Wafipa. Unajua walivyocheka? Jeannine wa Kigoma alinitumia vikaragosi vya kucheka thelathini, na yeye ni mwamuzi mwenzangu. Waliuliza kama vidole vingine navikodisha kwa bei gani. Walinicheka mimi, Monika, si wewe.

Utani una mwisho wake.

Vipimo vilikuwa vya kukadiria, yawezekana nilipitiwa.

Nina pendekezo, lipokee kama la ndugu. Kubali kuingia orodha ya zana. Nitakuweka wa kwanza, juu yangu, na hakuna atakayeuliza. Jina ni jina, orodha ni karatasi.

Felisiani


Mpanda, Jumatano 26 Machi 2025

Felisiani,

Nianze na pendekezo lako kwa sababu ndilo dogo. Kwenye zana siingii. Unataka mimi niseme uongo ili wewe uwe umesema kweli. Mtu akisaga mahindi hapa kwangu siwezi kumwandikia kwamba amekoboa mpunga, hata kama ananipa nafasi ya mbele kwenye foleni.

La vipimo. Mtu aliyepitiwa anakosea huku na huku, mara juu mara chini. Wewe umepitiwa mara mbili, mara zote mbili upande ule ule, na ni mahali pawili tu ambapo palikuwa na ushahidi wangu. Hiyo huko sokoni haiitwi kupitiwa.

Sasa hilo la mwisho wa utani.

Mwaka jana mwezi wa saba alipofariki baba yako, simu ya kwanza uliyopiga nje ya ukoo uliipiga kwangu. Ulisema, "Mtani njoo, mzee hawezi kwenda kimya kimya." Nilizima injini wateja wakiwa kwenye foleni, nikapanda basi. Nilivaa koti lake na kofia yake. Nilikohoa kikohozi chake, nikamgombeza kila mtu kwa kuchelewesha togwa kama alivyokuwa anagombeza, mpaka mama yako, mama Yustina, akacheka na kilio kikiwa bado kooni. Jeneza lilipofika nikashuka kaburini, nikalala chali, nikasema sitoki, Wafipa hawana shukrani, hapa pananitosha mimi. Padri alisimama na kitabu chake. Shangazi zako walinitupia udongo wakinitukana, nami nikawatukana. Ulikuja ukingoni na jogoo kwapani, malipo yangu ya kutoka. Ukampokeza mtu, ukapiga magoti, ukaniletea mkono. Shimo lilikuwa refu, udongo unateleza, kuta mbili tu na mbingu juu. Nilipanda kwa mkono wako. Na juu pale, mbele ya ukoo mzima, ukasema, "Huyu ndiye mtani wetu. Leo ametuzikia."

Sasa nikuulize, Felisiani. Kisima cha Chura kina nini? Kuta mbili, giza chini, mwanga juu. Kila nilipofika pale nilikumbuka shimo lile na mkono ule. Siku nilipofika juu, na wewe umekaa nyuma yangu, nilitaka kukushukuru. Mtani hashukuriwi kwa maneno ya shukrani, unajua hilo, ukimwambia asante umemtukana. Nikaandika kwamba kidole nimeazima kwa Wafipa. Hiyo ndiyo asante yangu. Radi niliiongeza kwa sababu Wafipa mnasifika kwa kutuma radi, na utani wa Mfipa bila radi haujakolea chumvi.

Kama watu walikucheka, ungeniambia. Ungenijibu mle mle kwenye grupu kwamba Msukuma kaazima kidole kwa sababu vya kwake vyote viko kwenye chuchu za ng'ombe. Wangenicheka mimi. Tungekuwa sawa. Badala yake ulinyamaza siku sita, halafu ukaandika Dar kwa mtu asiyetujua kwamba hakuna utani.

Basi chagua, na hesabu yake ni fupi. Kama utani upo, nilitania tarehe 2, sikukiri kitu, na mahali pangu ni kwenye orodha ya kidole. Kama haupo, basi mwanamke asiyewahusu alivaa nguo za marehemu baba yako, akamwigiza mbele ya mjane wake, akalala kwenye kaburi lake na akalipwa. Hilo ni tusi kubwa, na nitalibeba. Jumapili nitapanda basi la Usevya nikae chini mbele ya mama yako, nimrudishie jogoo wake, nimwambie Felisiani amekana. Faini watakayonipangia nitalipa bila kupunguza. Wewe utamweleza kwa nini uliniita.

Barua yako inayoanza na "Mtani wangu" ninayo hapa. Ningeipiga picha nikamtumia Lusia, mambo yangeisha leo kabla ya chai. Siipigi. Sitaki kurudishwa kwa kukunasa. Ulinitoa kwa maneno yako mwenyewe, utanirudisha kwa maneno yako mwenyewe, au hutanirudisha.

Kwa hiyo methali usiniletee. Mvua usiniletee, wala simu iliyoingia maji. Pale Usevya simu nzima ziko nyingi na anwani ya Lusia unaijua. Kamba ya kumfungia jogoo safarini nimeshaikata, imening'inia mlangoni.

Mimi ni mtani wako au si mtani wako? Mwandikie Lusia neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya Jumamosi tarehe 29, saa sita kamili mchana.

Monika Malale